Mkate Kwenye Msumari

Sura ya sita

Mkate ulitundikwa ukutani juu ya televisheni, kwa uzi mwekundu uliopita katikati yake. Ulikuwa umeumwa mara moja tu.

Kapteni Tolib Ergashev, mpelelezi wa polisi, aliuona kabla hajamaliza kuvua viatu. Kwa siku kumi na tatu alikuwa akila na kulala na jalada la kutoweka kwa Zokir Hamroyev, Mkurugenzi Mkuu wa televisheni ya Charogon, na ndani ya jalada hilo hapakuwa na habari ya mkate. Palikuwa na orodha ya abiria ya uwanja wa ndege wa Tashkent, ya Alhamisi jioni, jina la Zokir likiwa mstari wa tisa na namba ya pasipoti yake pembeni. Palikuwa na nakala ya tiketi ya Istanbul, ya kwenda bila kurudi. Palikuwa pia na barua isiyo na jina la mwandishi, iliyodai kwamba mkurugenzi alimfuata huko mwimbaji mmoja mwenye nywele fupi. Tolib alipoteza siku nne akimtafuta mwimbaji huyo. Alimkuta Andijan, ameolewa, mjamzito wa miezi saba, akimenya vitunguu.

"Pita, mwanangu, pita ndani," alisema Mama Robiya. "Usisimame mlangoni kama msoma mita ya umeme."

Alikuwa mama mzazi wa Zokir, mwalimu mstaafu wa hesabu, miaka sabini na mitatu, mgongo umenyooka kama rula. Alimketisha Tolib kwenye godoro lililo mbali na mlango, mahali pa mgeni wa heshima, akamwekea zabibu kavu na komamanga lililopasuliwa. Kisha akachukua mkate mpya, akaumega kwa mikono miwili, akamwekea vipande mbele yake, uso wa mkate ukitazama juu.

"Mwanao aliondoka lini, mama?"

"Si mmeandika? Alhamisi."

"Nataka nisikie kwako."

"Alhamisi jioni. Alikuja na sanduku dogo. Nikamwambia, huvuki kizingiti hiki hujauma mkate. Akauma, nikautundika. Atakaporudi ataumalizia. Au kwenu hamfanyi hivyo?"

"Tunafanya."

Mkate wa Tolib mwenyewe ulikaa miaka miwili ukutani kwa mama yake, kule Kattaqorgon, alipokuwa jeshini. Aliporudi aliuloweka kwenye chai, akaula wote, mgumu kama kigae.

"Luteni Odil alikuja hapa Ijumaa, siku moja baada ya safari," alisema. "Hakuandika habari ya mkate."

"Luteni wako hakuvua viatu. Mtu asiyevua viatu ataona nini?"

Tolib alitabasamu kidogo, akainuka, akausogelea ukuta.

"Usiushushe!"

Sauti ile haikuwa ya mwalimu. Tolib alirudisha mikono nyuma.

"Siushushi, mama. Naomba kuutazama tu."

Akatoa daftari na penseli, akalishika daftari karibu na mkate bila kuugusa, akachora. Meno yalikuwa yameacha umbo la mwezi mchanga. Lakini upande wa juu, karibu na katikati, mwezi huo haukukamilika: kipande chembamba cha mkate kilibaki kimechomoza, kama kidole, mahali ambapo jino halikupita.

Nchi nzima ililijua pengo hilo. Zokir Hamroyev alikuwa wakili kwa miaka kumi na miwili kabla hajawa mtu wa televisheni, na jino lake la mbele lilibaki kwenye ngazi za mahakama, siku alipomshinda mfanyabiashara mmoja wa pamba na mpwa wa mfanyabiashara akamsubiri nje. Kila mtu alimwambia aweke la dhahabu, kama walivyofanya wenzake wote. Akakataa. "Wakili akiweka dhahabu mdomoni," alisema, "watu watauliza imetoka wapi." Baadaye alianzisha kipindi cha Jumapili, cha kuwajibu watu maswali ya sheria: nyumba ya urithi, talaka, jirani aliyehamisha ukuta. Wazee walikuwa wakiahirisha harusi mpaka kipindi kiishe. Kutoka hapo Charogon ikamwajiri kuwa mwanasheria wake, na baada ya miaka mitatu ikampa kiti cha mkurugenzi mkuu. Alikaa kwenye kiti hicho na pengo lake, akikaa mbele ya mawaziri, akicheka mdomo wazi.

Kwa hiyo aliyeuma mkate huu alikuwa yeye. Hilo Tolib hakulitilia shaka.

Akauchora pia mhuri uliogongwa katikati ya mkate: ua la petali nane, vitobo vidogo vya misumari, safi, vyote sawasawa. Akageuka akatazama vipande vilivyo kwenye kitambaa cha mezani. Ua lile lile.

"Yote miwili ni ya mwokaji mmoja?"

"Mtaa mzima tunakula kwa Hosiyat."

"Na huu wa ukutani uliununua siku gani?"

Mama Robiya alichukua birika. Tangu Tolib aketi, alikuwa akimmiminia chai kidogo, theluthi ya kibakuli, kama anavyomiminiwa mgeni anayetakiwa akae, azungumze, aongezwe. Sasa akamimina mpaka ukingoni, mpaka chai ikatetemeka, akakisukuma kibakuli mbele yake kwa vidole viwili.

Kwa watu wao, kibakuli kilichojaa ni kwaheri, hakihitaji kuongezewa neno. Tolib akanywa chote kwa pumzi moja, akashukuru, akaenda kutafuta viatu vyake.

*

Hosiyat alikuwa ameingiza kichwa na mkono mzima ndani ya tanuri, akibandika unga kwenye ukuta wa moto. Alizungumza bila kutoka.

"Kama ni mkate, subiri. Kama ni kodi, mume wangu hayupo. Kama ni posa, umechelewa miaka kumi na miwili."

"Ni polisi, dada."

"Basi heri ingekuwa kodi." Akatoa kichwa. Uso ulikuwa mwekundu, na mkono wake wa kulia haukuwa na unywele hata mmoja, zote zimeungua. "Nimefanya nini, kaka? Au ni yule fundi pikipiki tena, anasema moshi wangu unamchafulia nguo?"

"Nataka kujua habari za mhuri wako." Akamwonyesha mchoro wa ua.

Hosiyat akachomoa mhuri mfukoni mwa aproni, kipande cha mti kilichopigiliwa misumari, akauinua juani. "Huu. Tazama, misumari bado inang'aa. Mume wangu ameununua soko la Chorsu, akaniletea kama vile ni pete."

"Tangu lini unautumia?"

"Tangu Jumamosi ile, baada ya msiba. Wa zamani ulikuwa wa mama mkwe, una duara tatu. Miaka kumi na miwili naoka kwa mhuri wake, na kila alfajiri ananikumbusha ni wa nani. Alipofariki nikauosha, nikaufungia sandukuni. Sikuwa naupenda, kaka, Mungu anajua. Lakini kuugonga na mwenyewe yuko kaburini, nilishindwa."

"Alifariki siku gani?"

"Jumatano alfajiri, tarehe nne. Si unajua mambo yetu? Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, nyumba ya msiba haiwashi moto. Hata chai tuliletewa na majirani. Mtaa mzima ukala mikate ya dukani siku tatu, wakalaani hadi wakachoka. Jumamosi alfajiri nikawasha tanuri, nikagonga mhuri wangu kwa mara ya kwanza. Nililia, sijui nilifurahi."

Penseli ya Tolib ilisimama hewani. Pasipoti ya Zokir ilikuwa imeruka Alhamisi, tarehe tano. Na Alhamisi ya tarehe tano, mkate wenye ua la petali nane ulikuwa haujazaliwa duniani.

"Jumamosi hiyo, nani alinunua wa kwanza?"

Hosiyat alipangusa mikono polepole. Macho yake yalitembea mpaka langoni, yakarudi.

"Mbona unauliza, kaka?"

"Kwa sababu nimeuona ukutani."

"Mama Robiya," alisema kwa sauti ya chini. "Hajawahi kuja mapema hivyo. Akaniambia, Hosiyat, nichagulie mzuri kuliko yote. Nikamchagulia. Akaufunga kwenye kitambaa cheupe. Nje kulikuwa na Nexia nyeupe, vioo vyeusi, injini haikuzimwa. Akampa mtu dirishani, dirisha likapanda, gari likaondoka. Nikadhani sadaka."

"Halafu?"

"Likarudi kabla ya magharibi. Yule mama alikuwa amesimama langoni kwake saa nzima kwenye baridi, hana hata shali. Akapokea kile kitambaa, akakikumbatia kama amekabidhiwa mtoto mchanga." Hosiyat akashika ukingo wa tanuri, ukamchoma, akauachia. "Usiniandike, kaka. Nakuomba. Nina mabinti wanne. Mimi ni mtu wa unga."

Tolib akafunga daftari. Ukurasa wa siku hiyo ulikuwa na ua moja na pengo moja, na hakuna jina.

"Sijakuandika, dada."

"Basi chukua mkate. Mtu hatoki kwa mwokaji mikono mitupu, watu watafikiri tumegombana."

*

Ghorofa ya tano ya jengo la Charogon ilikuwa na zulia jipya. Laziz Mahkamov, naibu wa Zokir, alikuwa ameshahamia kwenye kiti cha bosi wake, lakini hakuwa amebadilisha chochote ukutani; joho jeusi la uwakili la Zokir bado lilining'inia nyuma ya mlango, limepigwa pasi.

"Kapteni, unatuchelewesha," alisema Laziz akicheka. Alikuwa na miaka arobaini, manukato mengi, saa mbili, moja kila mkono. Moja, alisema, ni ya Tashkent na nyingine ni ya Moscow. "Taarifa yako tunaisubiri kama mvua ya Machi."

"Televisheni inaisubiria nini taarifa ya polisi?"

"Hukusoma katiba ya kampuni? Aliiandika yeye mwenyewe, huyo mwanasheria wenu mtakatifu. Ibara ya kumi na nne." Alifungua droo, akatoa kitabu chembamba, akakitupa mezani kwa madaha. "Soma, soma. Sina siri. Kila kitu hapa ni halali, ndiyo raha ya kurithi kwa wakili."

Tolib akasoma amesimama. Ilikuwa lugha ya Zokir, fupi, isiyo na mapambo. Hisa za kituo haziuzwi bila saini ya mkurugenzi mkuu mbele ya mthibitishaji. Mkurugenzi akifa, mauzo yanasimama mwaka mzima. Akiugua, yanasimama mpaka apone. Akifungwa, yanasimama mpaka atoke. Lakini akiondoka nchini kwa hiari yake asirudi ndani ya siku ishirini na moja, na polisi wakithibitisha kwa maandishi kwamba ni kwa hiari, naibu atasaini badala yake.

"Aliwawekea mitego wote," alisema Laziz. "Muuaji, mganga, hata hakimu. Mlango mmoja tu aliusahau wazi, kwa sababu miaka ile kila mwenye cheo alikuwa na sanduku lake nyuma ya mlango, na yeye alikuwa anawadharau wanaokimbia. Hakuwahi kuwaza kwamba naye atakimbia. Kiburi, kapteni. Wakili alijifunga kwa kamba aliyoisokota mwenyewe."

"Mnunuzi ni nani?"

"Watu wenye subira. Lakini si subira nyingi."

"Na kaka Zokir aliwakatalia."

"Aliwaambia kituo si ng'ombe." Laziz akainamia meza. "Nimesikia kuna mkate kwa mama yake. Umeumwa, na pengo lake linaonekana. Jambo zuri sana hilo. Mwananchi hatasoma jalada lako, ila mkate anaujua. Kesho kutwa napeleka kamera."

Tolib alimtazama. "Umesikia kwa nani? Mimi nimeuona leo asubuhi, na bado sijauripoti popote."

Saa mbili za Laziz ziligonga pamoja juu ya meza. Akacheka, akanyoosha tai.

"Tashkent ndogo, kaka. Mikate inasema."

"Una gari gani, kaka Laziz?"

"Mimi? BMW. Kwa nini?"

"Basi tu. Nexia nyeupe ni za nani, pale uani?"

"Za kituo. Ziko kumi na moja. Unataka kuzikagua zote? Karibu. Njoo na kibali." Akamfungulia mlango yeye mwenyewe, kwa adabu zote. Joho jeusi likayumba nyuma yake.

*

"Kibali cha nini?" aliuliza Kanali Nishonov.

Mkuu wa idara alikuwa akila mbegu za alizeti kutoka kwenye gazeti, akizipasua kwa jino la dhahabu, akipanga maganda mstari mmoja. Hakuwa mtu mbaya. Alimfundisha Tolib kazi, alimsimamia harusi, mtoto wa kwanza wa Tolib alipewa jina lake.

"Kukagua magari ya Charogon, afande. Nexia nyeupe. Zokir Hamroyev hakupanda ndege. Alipanda mtu mwingine mwenye pasipoti yake. Jumamosi, siku mbili baada ya ndege, Zokir alikuwa hai hapa hapa mjini, akauma mkate. Walimpelekea mkate wa mama yake, wakaurudisha ukiwa umeumwa."

"Shahidi?"

Tolib aliwakumbuka mabinti wanne wa Hosiyat.

"Shahidi, Tolib, mwanangu. Una karatasi?"

"Nina mkate."

"Mkate." Kanali akapasua mbegu. "Mama mwenyewe anasemaje?"

"Anasema Alhamisi."

"Basi mama anasema Alhamisi, orodha ya abiria inasema Alhamisi, tiketi inasema Alhamisi. Wewe peke yako unasema Jumamosi, wewe na unga."

"Afande, mama lazima ameahidiwa kwamba akisema hivyo atarudishiwa mwanawe. Ibara ya kumi na nne inataka taarifa yetu. Tukiandika 'kwa hiari yake', siku ya ishirini na moja Laziz anasaini. Sasa hivi wanamtunza kwa sababu maiti ikionekana, mauzo yanasimama mwaka mzima. Wakishauza, watamtunza wa nini?"

Kanali aliacha kutafuna. Aliinuka, akafunga dirisha ingawa lilikuwa limefungwa, akarudi kuketi.

"Haya. Andika ukweli wako. Baada ya saa ngapi utafika mezani kwao? Saa moja? Mbili? Wanasoma karatasi zetu kabla wino haujakauka, unajua hilo. Kisha itakuwaje kwa yule waliyemficha wenye hiyo Nexia? Nijibu kama mpelelezi."

Tolib aliutazama mstari wa maganda mezani.

"Ukiandika hivi anakufa. Ukiandika vile huenda anakufa. Tofauti ni hiyo 'huenda'. Mimi nimeifanyia kazi 'huenda' kwa miaka thelathini, nimelea watoto watano nayo."

"Siwezi kusaini, afande."

"Najua." Kanali akafungua jalada, akamgeuzia. Taarifa ilikuwa imeshachapwa, kurasa tatu, safi. Chini palikuwa na saini ya Luteni Odil, herufi kubwa za mtu anayesaini kitu kikubwa kwa mara ya kwanza. "Ndiyo maana sikukusubiri. Na hii ni yako."

Ilikuwa karatasi nusu. Kapteni T. Ergashev anahamishiwa Nukus, aripoti Jumatatu asubuhi.

Nukus ni jangwa na chumvi, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka kwenye meza hiyo.

"Nimekupeleka mbali wasikupeleke wao," alisema Kanali, hamtazami. Akakunja gazeti pamoja na maganda yote, akalishika mkononi, asijue pa kuliweka.

*

Ijumaa saa kumi na mbili na nusu jioni, Tolib alivua viatu kwa Mama Robiya kwa mara ya pili. Zulia lilikuwa na alama za miguu ya kamera. Walikuja mchana, alisema mama, vijana watatu wenye adabu. Mmoja alikuwa amejifunza kazi kwa Zokir, na alipomaliza kupiga picha aliubusu mkate na kuugusisha kwenye paji la uso.

"Hawakuushusha?"

"Walitaka. Nikawaambia waanze na mimi."

Mkate ulikuwa mahali pake. Tolib aliketi, safari hii karibu na mlango. Mama akammiminia chai, theluthi ya kibakuli.

"Umekwenda kwa Hosiyat," alisema.

"Nilikwenda."

"Nilijua utakwenda. Nimefundisha hesabu miaka arobaini, namjua mwanafunzi anayerudia kupiga hesabu." Alishika birika kwa mikono miwili ingawa halikuwa na moto tena. "Walikuja Ijumaa saa nne usiku, baada ya yule luteni wako. Wakaniambia, mama, sema amesafiri, siku ishirini na moja tu, kisha unarudishiwa. Nikawaambia siwaamini. Nileteeni kitu alichokishika. Wakasema ataandika barua, nikasema barua huandikwa na yeyote. Kesho yake nikawapa mkate. Nikawaambia, ukirudi hauna pengo, napiga kelele mpaka msikiti wa Chorsu unisikie."

"Ukarudi na pengo."

"Ukarudi na pengo." Akatazama juu ya televisheni. "Kwa hiyo yuko hai, mwanangu. Kweli au si kweli?"

"Jumamosi alikuwa hai, mama."

"Sikuuliza Jumamosi."

Muziki wa taarifa ya habari ulimwokoa. Mama Robiya akaongeza sauti. Habari ya kwanza ilikuwa pamba, ya pili daraja. Ya tatu ilikuwa nyumba hii: lango, ua, zulia, ukuta. Kamera ikasogea, ikasogea tena, mpaka mkate ukajaza kioo kizima, mkubwa kama mwezi. Petali nane zilionekana moja moja, na kila kitobo cha msumari mpya. Kidole kile cha mkate kilisimama katikati ya alama za meno. Ushahidi wote aliokuwa nao Tolib ulikuwa pale, umeangaziwa taa vizuri, mbele ya nchi nzima, na msomaji habari akasema kwa upole kwamba polisi wamethibitisha: mkurugenzi wetu wa zamani aliondoka kwa hiari yake, akauma mkate wa mama yake kama mila inavyotaka, tunamtakia heri huko aliko.

Mahali fulani mtaani mtu alicheka, akasema kwa sauti, "Pengo lake lile! Kweli ni yeye!"

Kisha ikaja hali ya hewa.

"Nani aliyesaini?" aliuliza Mama Robiya.

"Luteni."

"Asiyevua viatu." Akapunguza sauti. "Zimebaki siku sita. Wewe utakuwepo hapa siku hiyo? Ningependa awepo mtu mwenye cheo. Wasije wakamwacha barabarani usiku, na baridi hii, na kifua chake."

"Nimehamishwa, mama. Nukus. Ndege ni kesho alfajiri."

Aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa jibu alilokuwa ameshalipata pembeni ya daftari. Hakuuliza kwa nini. Aliinuka kwa kushika goti, akaenda jikoni, akarudi na mkate mzima wa Hosiyat, sindano ya magunia na uzi mwekundu.

"Mama yako yupo?"

"Alifariki mwaka juzi."

"Basi uma hapa."

Tolib aliutazama mkate. Alikuwa na maneno mawili matatu mdomoni, kuhusu siku ya ishirini na moja, kuhusu ibara ya kumi na nne, kuhusu kile ambacho watu hufanya na kitu kisicho na kazi tena. Mama Robiya alikuwa amemshikia mkate usawa wa kidevu, akisubiri.

Akauma.

Mama akaukagua, akaridhika. "Meno yote unayo. Mshukuru Mungu." Akapitisha uzi, akafunga fundo mara mbili. Msumari wa pili ulikuwepo tayari ukutani, wa picha iliyoondolewa zamani. Akautundika hapo, akaunyoosha usikae upande, akarudi nyuma hatua mbili kuitazama yote miwili.

"Haiozi, unajua," alisema. "Inakauka tu."

Tolib alimaliza kutafuna. Alikaa muda mrefu kizingitini akifunga kamba za viatu, na zilipokwisha kufungwa akazifungua, akaanza upya.